Uliuliza Nani Amezima Maji ya Nyasi

Mtaa wa Milimani,
Kitale.
Jumapili, tarehe 9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Wekoye,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Rosaline na watoto mkiwa wazima. Nasikia huko Edmonton baridi bado haijawaachilia. Sisi huku tuko. Mbogo mume wangu ni mzima, kazi yangu ya ualimu inaendelea, na Wacera wetu ameng'oka meno ya mbele, anakataa kucheka wageni wakiwepo. Mvua haijaanza. Watu wamelima na wanangoja, mbegu ziko ndani ya nyumba, na mawingu yanapita juu ya Mlima Elgon yakienda zake.

Utashangaa kupata karatasi. Zachary, kijana wa jirani yetu hapa, anakuja huko kusoma, nami nimemwomba akupe barua hii mkononi. Ujumbe wa simu unausoma kisha unanyamaza. Karatasi angalau itabidi uikunje na kuiweka mahali.

Wiki iliyopita uliniandikia, baada ya kimya cha wiki kadhaa. Maneno yako yalikuwa haya: "Nani amezima springla? Wakoli amenitumia picha, nyasi zote zimekufa." Hapakuwa na salamu. Nilisoma nikidhani kuna mstari mwingine chini yake, nikavuta ujumbe juu na chini, nikakuta ndiyo hayo tu.

Nilianza kukujibu papo hapo, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Wewe ni mkubwa wangu, na sikulelewa kukujibu kwa ukali. Lakini swali umeuliza, na nimeona nikujibu lote tangu mwanzo, kwa sababu nadhani hujui hata nusu ya yaliyotokea pale nyumbani.

Sijui kama unaikumbuka siku ile springla zako za kunyunyizia nyasi zilipowashwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwepo. Mafundi walikuwa wamechimba mitaro juma zima, wakapitisha mabomba mahali pale pale Mama alipokuwa na mboga zake za mrenda na saga, kisha wakatandika nyasi juu. Hukujua, lakini Mama alikuwa amekasirika. Aliniambia jikoni kwamba sasa amekuwa mgeni katika boma lake mwenyewe, kwenda kununua mboga kwa jirani yake Agneta kama mtu wa mjini. Halafu ukapiga simu ya video. Ukasema, "Mama, toka nje usimame barazani, uangalie."

Tukatoka. Vile vichwa vyeusi vikainuka kutoka ardhini vyote kwa pamoja, vikaanza kurusha maji huku vinazunguka, na wewe unacheka ndani ya simu. "Nimefungua kutoka huku, Mama. Niko kitandani, ndiyo kwanza naamka." Mama aliweka mkono mdomoni. Alisogea taratibu mpaka maji yakamlowesha sketi, na hakurudi nyuma. Hasira ya mboga iliishia pale. Sikumsikia akiitaja tena.

Tangu siku hiyo, saa kumi na moja jioni ilikuwa saa yako. Maji yalitoka, na Mama alijua kwamba huko kwenu ni asubuhi na mtoto wake ameamka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema: "Wekoye ameamka." Alitoa kiti barazani mapema, akafunga kitambaa safi kichwani kwa sababu ya ile kamera uliyoweka juu ya mlango, akakaa mahali alipodhani unamwona vizuri. Maji yakianza, aliinua mkono.

Haya nilielezwa na Agneta, kwa sababu mimi nilikuwa nafika Jumamosi tu, tena si kila Jumamosi. Agneta anasema mwanzoni alifikiri Mama anasalimia watu wanaopita barabarani. Siku moja alimwuliza ni nani huyo anayepungiwa mkono kila jioni. Mama akajibu kama mtu anayeulizwa jambo la wazi kabisa, kwamba ni wewe.

Simu zako zilipungua. Mwanzoni ilikuwa kila Jumapili baada ya ibada, kisha mara moja moja, kisha sikukuu tu. Mimi nililalamika sana. Mama hakulalamika hata siku moja. Kila nilipokutaja kwa ubaya alinikatiza. "Huyo kijana ana kazi nyingi, Nelima. Lakini hanisahau. Jana tu alifungua maji."

Hata wakati wa mvua maji yalitoka. Mwaka jana mwezi wa tano, mvua inanyesha mpaka ua umejaa madimbwi, springla nazo zinazunguka. Agneta alikuwa amejikinga barazani kwa Mama, akacheka. "Mama Wekoye, si huyu mtoto wako ananyunyizia mvua?" Mama hakupenda. Alimwambia, "Mawingu yetu atayaonea wapi, huko aliko? Na yeye hafungulii nyasi. Ananifungulia mimi." Agneta hakurudia tena mzaha huo.

Sasa nije kwenye mguu. Mama ana sukari tangu Baba akiwa hai, hilo unalijua. Mwaka jana mwezi wa tisa alijikwaa akitoka zizini, akaumia kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini hakikupona. Nikamleta kwa daktari hapa Kitale. Daktari akasema Mama akae kwangu, muuguzi akisafishe kila siku, na mguu usiguse maji wala udongo mpaka ukauke. Nilikutumia ujumbe kukueleza. Ulijibu kwa ile picha ya viganja viwili vilivyokutanishwa, na hakuna zaidi.

Mama alikataa kulala kwangu. Alikubali kuja kliniki asubuhi na kurudi nyumbani mchana, basi. Nilimtandikia kitanda cha Wacera, nikampikia asichokatazwa, nikamwambia Agneta atalisha ng'ombe. Kila ikifika saa saba alianza kuangalia saa ya ukutani. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, na watu wachache tu wamebaki mbele yake, akainuka akafunga kanga yake na kuniambia nimpeleke stendi. Nilimwuliza, mbele ya watu wote, ni kitu gani kinamkimbiza nyumbani na mguu ule.

"Akifungua maji na asinione pale," alisema, "atafikiri nini?"

Nikamwambia akupigie simu akueleze kwamba yuko kwangu. Akasema hawezi kukusumbua kazini, na kwamba asubuhi ya mtu anayekwenda kazini si ya kujazwa habari za vidonda. Nikampeleka stendi. Wekoye, nilimpeleka nikiwa nimekasirika hata sikumuaga vizuri, na hasira yenyewe haikuwa juu yake.

Miezi ya kiangazi ilipoingia, nyasi za kona ya geti zilianza kugeuka rangi. Springla si kitu cha kuweka na kusahau. Wakati ule sikujua, sasa nimejua. Maji ya kisima chetu yana mchanga mwekundu, na mchanga huo hujaa kwenye chujio, unaobaki unakwenda kuziba vitundu vya vichwa. Ng'ombe akikanyaga kichwa kinalala upande, kinakuwa kinaosha ukuta badala ya kunywesha nyasi. Vingine vinadidimia mpaka nyasi zinavifunika. Kitu kama hicho kinataka mtu wa kukipitia mara kwa mara, na wewe hukumwachia mtu. Ulimwambia binamu yetu Wakoli aangalie, na Wakoli aliangalia kwa kupiga picha.

Basi aliyekipitia ni Mama. Aliona kona imekauka, akaogopa kwamba utaiona kwenye kamera na kufikiri hatujali kitu chako. Alichukua mswaki wa zamani na pini ya kufungia nguo, akapiga magoti pale getini, akafungua kichwa kimoja kimoja, akavisugua na kuvitoboa tundu kwa tundu. Alifanya hivyo jioni, maji yakiwa ndiyo kwanza yamekatika, udongo ni tope. Bendeji ya mguu ililowa mpaka ikawa rangi ya udongo.

Agneta alimkuta huko, akamgombeza na kumwinua. Mama akamwapisha asiniambie. Agneta aliniambia siku hiyo hiyo kwa simu, akilia. Alisema, "Njoo umwone mama yako, mguu unanuka, na yeye anauliza kama nyasi zimeanza kurudi."

Niliona kwamba kumkataza hakutasaidia. Njia pekee ilikuwa kutengeneza zile springla ili asiwe na sababu ya kupiga magoti tena. Mbogo ana binamu yake huko Saboti anaitwa Kinyua, kazi yake ni kuweka na kurekebisha mabomba ya kunyunyizia maji katika nyumba za watu na kwenye vitalu vya miche. Jumamosi nikaenda naye.

Kinyua alifanya kazi vizuri. Alifungua chujio akakung'uta mchanga wa kujaza kikombe, akaacha maji yapite kwenye mabomba kwa nguvu mpaka yakatoka meupe, akanyoosha vichwa vilivyolala na kuinua vilivyodidimia. Mama alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, anamwelekeza kama msimamizi. Sikuwa nimemwona na furaha namna hiyo kwa muda mrefu. Alimwuliza Kinyua kama kona ya geti itakuwa kijani kabla ya Pasaka. Kinyua akasema itakuwa.

Mwisho akafungua lile sanduku la kuendeshea springla, lililo ukutani karibu na mlango. Akasema saa kumi na moja jioni si saa nzuri. Upepo unachukua maji mengi, na nyasi zinalala zimelowa mpaka zinaoza kwenye mizizi. Ni heri alfajiri.

"Nibadilishe, Mama?"

"Usiguse," Mama akamwambia. "Hiyo ni saa ya mtoto wangu. Anafungua akiamka."

Kinyua alitabasamu, akifikiri anataniwa. "Mama, hii hakuna mtu anafungua. Inajiwasha yenyewe. Kuna saa hapa ndani."

"Ni yeye. Anafungua kwa simu, yuko Kanada."

"Ile ya simu inataka mtandao, na hapa mtandao hakuna. Hata hiyo kamera juu imekufa, angalia, haina taa. Hii mashine inafuata tu ile saa iliwekewa mara ya mwisho."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nilimwona Kinyua akielewa anachosema wakati tayari amekisema. Alinitazama mimi, kisha akatazama chini kwenye bisibisi yake.

Mama hakubadilika uso. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kuwa na hakika kabla hajakwenda kumweleza mwingine. "Kwa hivyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni saa tu."

"Tangu lini?"

Kinyua akasema hilo hawezi kujua. Mama ndiye aliyejua. Alikaa akifikiri, kisha akasema kuna vijana walikuja wakachukua kile kisanduku chenye taa kilichokuwa sebuleni, wakamwambia hakitumiki tena. Alikumbuka kwamba walimkuta akianika mahindi, akawapa ndizi mbivu wale njiani. "Ilikuwa mwaka juzi," alisema. "Mavuno ya mwaka juzi." Halafu akamwambia Kinyua anywe chai isipoe.

Kaka, sitaki uisome sehemu hii haraka. Mavuno ya mwaka juzi. Hesabu mwenyewe ni jioni ngapi mama yetu amefunga kitambaa safi, akatoka na kiti chake, akainua mkono, na juu ya mlango hakuna anayeona. Kuna jioni alizotoka akiwa na homa. Kuna jioni alizoacha daktari.

Saa kumi na moja ilipofika, Kinyua alikuwa bado anakusanya vifaa vyake. Maji yalitoka vizuri kuliko siku zote, vichwa vyote, mpaka ile kona ya geti. Mama alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Aliyasikia, maana alisimamisha mikono. Kisha akainuka kwa shida na kufunga mlango wa jikoni.

Kinyua aliniomba msamaha pale getini, mara nyingi. Nilimwambia hana kosa. Kumwambia mtu mzima jambo lililo kweli si kosa. Aliyepaswa kumwambia hakuwa yeye.

Asubuhi yake Mama hakwenda kanisani. Alikuwa amefunga nguo zake kwenye begi kabla sijaamka, akaniambia, "Nipeleke Kitale." Hakuna nilichomsihi. Gari la Mbogo lilipofika, aliniuliza maji ya nyasi yanafungiwa wapi. Kinyua alikuwa amenionyesha vali kubwa, iko chini ya kifuniko karibu na tangi. Nikamwambia nitafunga mimi. Akakataa. Aliinama, mkono mmoja ameshika tangi, akaizungusha mpaka ikagoma, akajaribu tena kuhakikisha.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako. Si mimi, si Agneta, wala si mwizi. Aliyezima springla ni Mama, kwa mkono wake. Lile sanduku bado liko ukutani, na nadhani jioni ikifika linaamuru kama kawaida, ila maji hayaji.

Hospitalini walikata vidole viwili, gumba na kinachofuata. Nyama ilikuwa imeoza ndani. Daktari aliniambia, bila kunilaumu, kwamba kama Mama angekaa Kitale tangu mwezi ule wa kwanza, dawa na usafi vingetosha. Sisemi kwamba wewe ndiye uliyemkata vidole. Sukari hukumletea wewe. Nasema alikuwa na mahali pa kutibiwa na hakuja, kwa sababu alikuwa anakungoja.

Nilikupigia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Hukushika. Baadaye ukaandika, "Niko kazini. Pole kwa Mama. Nitapiga." Mama alipozinduka aliuliza umesema nini, nikamsomea kama ulivyoandika. Akaniuliza, "Amesema atapiga saa ngapi?" Nikamwambia hukutaja saa. Hajaniuliza tena. Nawe hukupiga wala kuandika, mpaka Wakoli alipokutumia picha ya nyasi.

Nataka ujue kwamba sijasahau wewe ni nani. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa na Baba akarudi nyumbani bila kazi, ni wewe uliyeuza baiskeli yako, ile ya buluu uliyoisugua mafuta kila Jumamosi, ili mimi nirudi shule. Ulitembea kwa miguu mwaka mzima ukisema unapenda kutembea. Mimi ni mwalimu leo kwa sababu ya baiskeli hiyo. Ndiyo maana nina uchungu namna hii. Kwa mtu niliyemjua kuwa mbaya nisingepoteza karatasi.

Najua pia maisha ya huko hayaonekani kwenye picha. Mbogo huniambia nisikuhukumu, kwamba mtu anaweza kufanya kazi usiku, akalala mchana, na miaka ikapita hivyo. Nakubali. Lakini nimejaribu kila namna kukutetea na kuna mahali nakwama. Ulipoiwekea ile mashine saa na kuiacha ijiendeshe, ungemwambia tu: Mama, sasa inajiwasha yenyewe, usiningoje. Ni maneno machache. Angehuzunika siku moja mbili, kisha angeendelea na maisha yake na mguu wake.

Kuhusu nyasi, kwa kuwa ndizo ulizouliza. Zimekauka zote. Mama amemruhusu Agneta afunge ndama wake pale, nami nimempa ufunguo wa geti. Upande wa jikoni Agneta ameanza kulima kipande, mvua ikinyesha atapanda mrenda, kwa idhini ya Mama. Wakoli asifungue ile vali. Nimemwambia mwenyewe, na hakufurahi. Ukitaka nyasi zirudi, njoo. Chujio lisafishwe kila mwezi, vichwa vipitiwe, na saa iwe ya alfajiri, si ya jioni. Kinyua atakuonyesha yote.

Kuhusu Mama, ambaye hukumuuliza. Yuko hapa kwangu. Kidonda kinafunga vizuri, na ameanza kutembea kwa mkongojo mpaka kwenye geti na kurudi. Anakula. Saa kumi na moja jioni inampata akiwa na Wacera wanafanya hesabu za shule, na simwoni akitazama saa. Namba yake ya simu ni ile ile. Ukimpigia, usimweleze habari za mtandao wala za mafundi. Muulize mguu. Usipopiga, usinitumie tena ujumbe kuhusu ule uwanja, kwa sababu sitaujibu.

Nisalimie Rosaline na watoto. Wafundishe watoto kumwita bibi yao Kukhu, hata kama ni kwenye picha tu. Mbogo anakusalimu, na Wacera pia, ambaye anauliza kama wewe ni mtu wa kweli. Agneta nilipomwambia naandika alisema hana la kutuma kwa sasa. Naomba Mungu awalinde kwenye theluji, awape kazi isiyowamaliza, na awarudishe nyumbani mkiwa na miguu yenu yote.

Nilitaka kufunga hapa, lakini nimeona si vizuri barua iondoke bila neno la Mama. Nimemwuliza kama ana salamu za kukutumia. Yuko hapa mbele yangu kwenye kochi, mguu juu ya mto, anamsuka Wacera. Zamani angeninyang'anya kalamu. Leo ameendelea kusuka mpaka akamaliza mstari mmoja wa nywele, akaufunga uzi. Kisha akasema, "Mwambie nimelala."

Nimeandika kama alivyosema.

Dada yako, ambaye hata leo hajaacha kukupenda,

Nelima